Meja wa Mkono Mmoja na Majabali ya Mto Colorado

Natetemeka kidogo, maana hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika katika jarida letu. Kama mjuavyo, kila mwaka ukurasa huu huwa na maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu walionitangulia waliwaletea wafalme, washairi na wapigania uhuru. Mimi leo nawaletea Meja John Wesley Powell wa Marekani, kiongozi wa safari ya kwanza inayojulikana kwa hakika kupita kwa mashua katika lile korongo kubwa la mto Colorado liitwalo Grand Canyon.

Najua wapo watakaouliza: Huyu naye anatuhusu nini? Subirini kidogo, nitawaeleza.

Muhula wa pili darasa letu lilikwenda matembezi ya Jiografia kwenye korongo fulani lenye kijito chini yake. Jua lilikuwa kali ajabu. Mwalimu alikuwa ametuonya tangu tuliposhuka kwenye basi kwamba mtu asikae chini ya genge. (Genge hapa si lile la wezi, ni ukuta wa mwamba uliosimama wima.) Sasa mimi na kiherehere changu nikaona kivuli kizuri kweli chini ya ukuta ule, nikawaita wenzangu wanne tukale mikate yetu huko. Mwalimu alikuwa mbali akiwaeleza wengine habari za tabaka za miamba. Tulikuwa hatujamaliza kula tuliposikia changarawe zikidondoka, cha! cha! cha! Tukacheka. Tulidhani ni tumbili. Kumbe lo! Jiwe la ukubwa wa ndoo lilikuwa njiani. Liligonga mwamba pembeni yetu likapasuka, na kipande kimoja kikampiga rafiki yangu wa chanda na pete kwenye mkono wa kulia. Mkono ukavunjika.

Rafiki yangu alifungwa plasta akarudi shuleni siku chache baadaye. Hakuweza kushika kalamu. Mtihani wa katikati ya muhula ulimpita hivi hivi. Hakunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Ikawa kazi yangu kumwandikia maandishi ya darasani na kumsomea vitabu jioni. Siku moja nikiwa maktabani nilifungua kitabu kikuukuu cha Jiografia nikaona picha ya mashua iliyofungwa kiti cha mikono juu yake, ikiwa imeegeshwa kando ya mto chini ya genge. Maelezo chini ya picha yalisema kiti kilikuwa cha kiongozi wa safari ambaye hakuwa na mkono wa kulia. Nikakichukua kitabu mbio mbio hadi bwenini. Hivyo ndivyo mimi na rafiki yangu tulivyoanza kumfuata Meja Powell.

Alizaliwa tarehe 24 Machi, 1834, katika kijiji cha Mount Morris, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wametoka Uingereza. Baba yake, Joseph Powell, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na jina la mtoto lilitokana na John Wesley, mwanzilishi wa madhehebu hayo. Mzee alitaka mwanawe naye awe mhubiri. Lakini mtoto akili yake ilikuwa kwenye mawe, konokono na mimea.

Familia ilihamia mji wa Jackson katika jimbo la Ohio. Wakati ule watu weusi wa Marekani walikuwa bado wanauzwa sokoni kama mbuzi. Mhubiri Powell aliupinga utumwa hadharani, na jambo hilo liliwaudhi majirani wengi. Hasira zao zilimwangukia mtoto. Wavulana wa shule walimrushia mawe kwa sababu ya msimamo wa baba yake, hata ikabidi atolewe shuleni. Akafundishwa na jirani mmoja, mkulima msomi aliyeitwa George Crookham, ambaye naye aliuchukia utumwa. Mzee huyo alimtembeza porini, akamwonyesha miamba na mimea, akamfundisha kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Kwa hiyo utaona kwamba mawe yalimfukuza Powell darasani, na ni mawe hayo hayo yaliyokuja kuwa elimu yake.

Baadaye walihamia Wisconsin, kisha Illinois. Kijana alilima shamba, akafundisha shule, akasoma katika vyuo vitatu bila kupata shahada hata moja. Mambo ya pesa yalikuwa magumu, na pia hakupenda kukaa mahali pamoja. Alipenda mito. Mwaka wa 1856 alishuka mto Mississippi kwa mashua, akapiga makasia mpaka baharini. Mwaka uliofuata akashuka mto Ohio, na wa tatu akaenda mto Illinois. Alikusanya konokono wa mtoni na mawe kila alipopita.

Mwaka wa 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Powell alijiunga na jeshi la Kaskazini. Aliamini kwamba utumwa lazima ukomeshwe, naye hakutaka kuwaachia wengine kazi hiyo. Akapanda cheo akawa kapteni wa mizinga. Tarehe 6 Aprili, 1862, katika mapigano makali ya Shiloh, jimbo la Tennessee, aliinua mkono wake wa kulia kuwaashiria askari wake wafyatue mizinga. Risasi ikamwingia mkononi. Madaktari waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Hapa ndipo rafiki yangu aliponikatiza akataka kujua mtu huyo aliandikaje baada ya hapo. Jibu ni kwamba alijifunza kutumia mkono wa kushoto, na mambo marefu aliwasomea wengine wayaandike. Kigutu chake kilimuuma maisha yake yote, lakini mtu akidhani alirudi nyumbani kulala, amekosea. Alipopona alirudi vitani vile vile na mkono mmoja, akatoka jeshini akiwa na cheo cha meja. Mkewe, Emma Dean, aliyemwoa wakati wa vita, alimuuguza na kumfuata huku na huko. Mwanamke huyo naye alikuwa jasiri, maana baadaye alipanda milima pamoja naye.

Vita vilipokwisha Powell akawa mwalimu wa jiolojia, yaani elimu ya miamba, huko Illinois. Hakuridhika kufundisha kwa chaki peke yake. Aliwachukua wanafunzi wake mpaka kwenye milima ya Rocky mwaka wa 1867, na tena 1868. Huko ndiko alikopata wazo lililomfanya ajulikane. Katika ramani za serikali palikuwa na eneo kubwa lililoachwa wazi. Mto Green ulionekana ukiingia huko ndani, na mto Colorado ukitokea upande wa pili. Katikati hapakuandikwa kitu. Bila shaka Wapaiute, Wahavasupai, Wahualapai na wenyeji wengine waliishi huko tangu zamani na walipajua vizuri. Waliochora ramani ndio hawakujua. Uvumi ulikuwa mwingi. Wengine walisema mto huzama chini ya ardhi, wengine walisema kuna maporomoko makubwa ambayo mashua haiwezi kuyapita. Powell akaamua kwenda kuona.

Tarehe 24 Mei, 1869, wanaume kumi waliondoka mahali paitwapo Green River Station, Wyoming, katika mashua nne. Mashua zilitengenezwa Chicago zikaletwa kwa gari la moshi, maana reli ya kuvuka Marekani ilikuwa imekamilika majuma mawili tu yaliyotangulia. Tatu zilikuwa za mwaloni, nzito na imara. Ya nne ilikuwa ndogo na nyepesi, nayo aliipa jina la mkewe, Emma Dean. Walibeba chakula cha miezi kumi: unga, maharagwe, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, matofaa makavu na kahawa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kupita katika maji ya namna ile. Walikuwa wawindaji, askari wa zamani na vijana wenye hamu ya kuona dunia.

Sasa hebu niwaeleze mto wenyewe, maana bila hivyo hamtaelewa. Mto ukipita kati ya magenge marefu, mashua haina pa kukimbilia. Kushoto ukuta, kulia ukuta, mbele ni kona usiyojua ina nini. Na hatari iko mbili. Ya kwanza ni ile ya majini: mkondo unapita kwa kasi juu ya majabali, maji yanachemka meupe kama sufuria ya uji. Ya pili iko juu ya kichwa, yaani mawe yanayoning'inia. Powell alikuwa mwanajiolojia, na mapema sana aligundua kwamba hatari hizi mbili ni mama na mtoto. Yale majabali yaliyouziba mto na kuufanya uchemke yalikuwa yameanguka kutoka juu, au yameletwa na mafuriko kutoka makorongo ya kando. Kila mahali mto ulipokuwa mkali, aliinua macho akatafuta mawe hayo yalitoka wapi, na mara nyingi aliona kovu jipya kwenye genge.

Kwa nini mawe huanguka? Mwalimu wetu alitueleza, lakini wakati ule sikusikiliza. Mwamba hata ukionekana mgumu vipi, una nyufa. Mvua huingia ndani ya nyufa hizo. Kwenye baridi kali kama ya kule, maji hugeuka barafu, na barafu hutanuka kwa kama asilimia 9 kuliko maji. Basi ufa hupanuliwa kidogo kila usiku, kama mtu anayepasua kuni kwa kabari. Kwetu hakuna barafu isipokuwa kule juu mlimani, lakini tuna mizizi ya miti inayofanya kazi hiyo hiyo, tuna jua la mchana na baridi ya usiku, na tuna mvua za masika. Tena kuna jambo la tabaka. Katika Grand Canyon, miamba migumu ya chokaa na ya mchanga imekaa juu ya tabaka laini za udongo uliogandamana. Ile laini huliwa polepole na maji na upepo, ile ngumu hubaki imening'inia bila nguzo kama paa la nyumba iliyobomolewa kuta. Siku moja inachoka. Nao mto kule chini unachimba mguu wa genge usiku na mchana. Hivyo ndivyo korongo linavyozidi kupanuka, na leo lina urefu wa kilomita 446, na kina kinachopita kilomita moja na nusu. Kila kilomita ya upana wake ilitokana na mawe yaliyoanguka.

Turudi safarini. Siku ya kumi na sita hivi, katika korongo waliloliita Lodore, Powell aliyekuwa mbele na mashua ndogo aliona hatari akasimama kando. Utaratibu ulikuwa kuwapungia wa nyuma bendera ili nao wasimame. Mashua iliyoitwa No Name, iliyoongozwa na Oramel Howland, haikusimama kwa wakati. Ikachukuliwa na mkondo, ikagonga jabali, ikakatika vipande viwili. Watu watatu waliokuwa ndani waliokolewa kwa shida kubwa kutoka kisiwani. Lakini chakula kingi kilikwenda na maji. Powell alimlaumu Howland kwa kutotazama ishara. Howland naye alishikilia kwamba ishara ilichelewa. Neno hilo halikwisha. Lilikaa kati yao kama mwiba uliovunjikia mguuni.

Niliposoma hapo niliinamisha kichwa. Sisi tulikuwa tumepewa ishara mapema kabisa, tena kwa Kiswahili sanifu, na hatukuitazama.

Powell hakukaa tu mashuani. Kila walipotia nanga alipanda magenge na mkono wake mmoja ili apime urefu wake kwa barometa. Siku moja alipanda na George Bradley, akafika mahali ambapo hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, ameshika mwamba kwa mkono wake wa pekee, na magoti yanaanza kutetemeka. Chini yake ni shimo tu. Bradley alikuwa juu yake lakini mkono haukufika, kamba hakuna, fimbo hakuna. Basi Bradley akavua suruali yake ndefu ya ndani akaiteremsha! Powell ilimbidi aachilie mwamba kabisa, kisha aidake ile suruali kabla hajaanguka nyuma. Akaidaka. Akavutwa juu. Bweni zima lilicheka niliposoma kisa hiki, lakini rafiki yangu alikaa kimya akitazama plasta yake.

Mwezi wa Julai mtu mmoja, Frank Goodman, aliyekuwa ndani ya ile mashua iliyovunjika, alisema ameona ya kutosha akaondoka. Wakabaki tisa. Wakafika mahali mto Green unapokutana na ule uliokuja kuitwa Colorado, wakaingia katika korongo la Cataract, ambalo mto wake umejaa majabali yaliyobingirika kutoka kwenye kuta. Mara nyingi ilibidi wabebe mizigo begani na kuteremsha mashua kwa kamba huku wakirukaruka juu ya mawe. Nyama ilioza wakaitupa. Unga ulilowa ukaota ukungu. Katikati ya Agosti, walipoingia Grand Canyon yenyewe, walikuwa na unga wa siku kumi hivi, matofaa makavu machache na kahawa. Mvua ikawanyeshea mchana na usiku, wakalala kwenye vipande vya mwamba bila hema.

Tarehe 27 Agosti walifika mahali pabaya kuliko pote. Mto ulikuwa unanguruma kama simba, majabali pande zote mbili, na magenge yamesimama wima hivi kwamba hapakuwa na pa kupitishia mashua kwa kamba. Usiku ule Oramel Howland alimwendea Powell akamshauri waache mto, wapande juu watoke kwa miguu. Yeye, ndugu yake Seneca na William Dunn walikuwa wameamua. Powell hakulala. Alitembea kwenye mchanga usiku kucha akipiga hesabu. Asubuhi aliamua kuendelea.

Waliachana bila kugombana. Wale watatu walipewa bunduki na nakala ya kumbukumbu za safari. Jack Sumner aliwapa saa yake wampelekee dada yake endapo yeye atakufa mtoni. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili ndio unaokwenda kufa. Wale watatu walisimama juu ya mwamba wakawatazama wenzao sita wakiingia katika maji na mashua mbili, maana Emma Dean iliachwa hapo. Kwa muda mfupi tu mashua zote mbili zilikuwa zimepita salama. Powell akafyatua bunduki hewani kuwaita wale watatu wafuate. Wakangoja. Hakuna aliyekuja. Kesho yake, tarehe 29 Agosti, mashua zilitoka katika korongo kubwa, jua likaonekana pande zote, na hatari kubwa ikawa imekwisha. Siku moja tu!

Howland wawili na Dunn hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata Powell alirudi kuwatafuta. Akakutana na Wapaiute wa ukoo wa Shivwits, akaelezwa kwamba watu wao waliwaua wale watatu kwa kuwadhania kuwa ni wachimba madini waliokuwa wamemuua mwanamke wao. Powell alilala usiku ule miongoni mwao, hakutafuta kisasi. Wengine baadaye walisema wauaji walikuwa walowezi wa kizungu, na hadi leo watu hawakubaliani. Mahali pale walipoachana paliitwa mkondo wa Utengano.

Katika chama chetu tuliwahi kujadili jioni moja nani alikosea. Wengine walisema wale watatu walikosa subira. Wengine walisema kiongozi aliyepoteza imani ya watu wake naye ana sehemu yake. Mimi sioni ubaya wa Howland kuogopa maji yale. Aliona kwa macho yake, akapima, akasema waziwazi, akachagua. Sisi hatukupima chochote. Tulifuata kivuli tu.

Powell alirudi akiwa shujaa. Mwaka wa 1871 aliandaa safari ya pili, mara hii akiwa na wapiga picha na wachora ramani, na ndipo kile kiti cha mikono kilipofungwa juu ya mashua ili akae juu aone mbele vizuri. Mwaka wa 1875 kitabu chake kuhusu mto huo kilichapishwa. Alijifunza lugha ya Wapaiute nao wakampa jina la Kapurats, maana yake aliyekatika mkono. Mwaka wa 1879 alifanywa mkuu wa ofisi mpya ya serikali ya kuchunguza lugha na mila za wenyeji wa Marekani, na kuanzia 1881 hadi 1894 aliongoza pia idara ya taifa ya jiolojia.

Lakini jambo ninaloliheshimu zaidi ni hili. Mwaka wa 1878 alitoa ripoti akieleza kwamba sehemu kubwa ya Marekani ya magharibi ni kame, na kwamba ardhi ingepaswa kugawanywa kwa kufuata maji yalipo, na wakulima washirikiane. Watu wenye tamaa ya kuuza mashamba hawakupenda. Mwaka wa 1893, katika mkutano wa umwagiliaji mjini Los Angeles, aliwaambia wajumbe waziwazi kwamba maji hayatoshi kumwagilia ardhi yote hiyo. Wakamzomea. Mtu aliyerushiwa mawe utotoni kwa ajili ya ukweli wa baba yake, sasa alirushiwa kelele uzeeni kwa ajili ya ukweli wake mwenyewe. Hakuubadilisha. Aliaga dunia tarehe 23 Septemba, 1902, huko Haven katika jimbo la Maine, akiwa na umri wa miaka 68. Akazikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington.

Hadithi ya mawe haikufa naye. Mwaka wa 1963 bwawa la Glen Canyon lilianza kuzuia maji ya mto Colorado, na ziwa lililotokea likaitwa Lake Powell kwa heshima yake. Watu wengi huenda huko kujiburudisha kwa mashua chini ya magenge mekundu ya mawe ya mchanga. Maji ya ziwa hupanda na kushuka, huloweka mguu wa genge kisha huuacha ukauke, na genge hudhoofika. Mwishoni mwa Mei 2022 kipande kikubwa cha genge kiliporomoka ziwani mbele ya watu waliokuwa mashuani. Walikuwa mbali kidogo, wakanusurika. Lakini Januari ya mwaka huo huo, tarehe 8, huko Capitólio nchini Brazili, nguzo nzima ya mwamba iling'oka baada ya mvua nyingi ikaangukia mashua za watalii katika ziwa la Furnas. Watu 10 walipoteza maisha. Kabla ya hapo changarawe zilikuwa zimeanza kudondoka, na watu kwenye mashua nyingine walipiga kelele kuwaonya. Ngurumo za maji na injini huenda ziliwazuia kusikia.

Changarawe! Niliposoma habari hiyo mwili ulinisisimka. Ni sauti ile ile tuliyoicheka.

Basi wenzangu, Bonde la Ufa letu lina magenge tele, na maziwa na mito chini yake. Ukienda huko, kwa miguu au kwa mashua, yashike haya. Usile, usilale wala usifunge mashua chini ya genge, hata kivuli kiwe kizuri namna gani. Tazama chini: ukiona mawe mapya yenye rangi mbichi, jua kwamba yalitoka juu si zamani. Tazama juu: ukiona kovu jipya au ufa mrefu, pita mbali. Baada ya mvua kubwa ongeza umbali. Kama uko majini, kumbuka kwamba hata jiwe lisipokupiga, wimbi lake laweza kuipindua mashua, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea maisha. Na ukisikia changarawe, usiulize ni tumbili au ni nani. Ondoka.

Wazee husema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini nyingine zina ishara, na ishara yetu ilitolewa na mwalimu kwa sauti mbele ya watu arobaini.

Plasta ya rafiki yangu ilitolewa kabla ya likizo. Mkono haujanyooka sawasawa, ila anashika kalamu. Wakati wa plasta alijizoeza kuandika kwa kushoto, na barua yake ya kwanza ya mkono huo, yenye herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa chekechea, aliniandikia mimi kunishukuru kwa kumsomea. Mimi nilikuwa sijamwomba radhi. Niliogopa. Kumwandikia maandishi ya darasani ilikuwa rahisi kuliko kutamka neno moja. Kwa hiyo naomba radhi hapa, mbele ya walimu na shule nzima: ndugu yangu, mimi ndiye niliyewaita pale, nami nilikuwa nimelisikia onyo. Nisamehe. Na wewe mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye ulilaumiwa na wengine kwa kosa lisilo lako, nakuomba radhi pia.

Naweka kalamu chini hapa. Tukijaliwa, tuonane katika jarida la mwaka ujao.